Andrea Pozzo: fundi kweli au kiini macho tu?

Ukimtaja mchoraji Andrea Pozzo kwa wanaopenda sanaa ya Barok, ule mtindo wa mbwembwe wa Ulaya ya karne ya 17, utasikia "aah yule wa kiini macho", na hawajakosea sana. Kanisa la Sant'Ignazio kule Roma lilikuwa lijengewe kuba, mambo yakakwama, basi 1685 huyu bruda wa Kijesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki), mzaliwa wa Trento kaskazini mwa Italia, akachora kuba ya uongo kwenye turubai bapa la kama mita 17, likapandishwa juu, ukisimama panapotakiwa unaapa ni kuba kweli. Halafu akaingia kwenye dari lenyewe, hapo sasa ndo fresko, rangi unapaka plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi, ikikauka imekula kwako, akamaliza 1694.

Wanaomponda wana hoja. Pale sakafuni kuna kiduara cha marumaru, ndo pa kusimama, ukitoka hapo hatua kadhaa nguzo zote zilizochorwa darini zinaanza kulala kama minazi ya pwani. Wasanifu wa enzi zake nao walimkomalia kwamba nguzo za kuba yake kaziweka juu ya vitegemeo vilivyotokeza tu ukutani, jengo la kweli halijengwi hivyo. Jibu liko kwenye kitabu chake cha 1693 na linachekesha kweli, eti rafiki yake mchoraji aliwaambia siku vitegemeo vikielemewa nguzo zikaanguka, matengenezo atalipa yeye mfukoni mwake!

Hapa mie niko upande wa bruda. Yeye alisema wazi picha ya namna hii ina sehemu moja tu ya kuitazamia, sasa wewe umehama unalalamika nini? Na kama ingekuwa ujanja mtupu asingeandika kitabu kufundisha kila hatua, hadi China mwaka 1729 afisa wa serikali Nian Xiyao akatoa kitabu kilichochota humo humo. Kaisari Leopold I, mtawala wa Austria, naye alimwita Vienna, Pozzo akachora huko kuba nyingine ya uongo, akafia huko 1709.

Ila kuna kitu simtetei. Dari lile la Sant'Ignazio lina mabara manne yaliyochorwa kama watu, Ulaya imeshika fimbo ya kifalme, Afrika ni mwanamke mweusi kakalia mamba, ana pembe ya ndovu. Mtaniambia wachoraji wote wa wakati ule walituchora hivyo, ni kweli, lakini mtu aliyepima kila mstari kwa kamba ili macho yasikose, kwetu sisi alichukua tu picha iliyokuwa imeshazoeleka akaibandika.