Mtindi Uliodaiwa Bakteria

Anayetaka kujua kama bakteria rafiki waliomo katika mtindi wangali hai ana njia mbili. Ya kwanza ni ya kupanda sampuli katika sahani za agari, chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli, kuziweka kwenye nyuzi joto 37 na kusubiri siku 2 au 3 mpaka makoloni, yaani vishada vya bakteria waliozaliana, yaonekane kwa macho. Ya pili ni saitometa, mashine inayowapitisha bakteria mmojammoja mbele ya leza ya buluu na kuwahesabu kwa maelfu ndani ya dakika chache, na ambayo tangu mwaka 2015 ina mwongozo wake wa kimataifa, ISO 19344. Mimi ni mtu wa saitometa, na ndiyo maana kikundi cha kina mama wasindikaji kilipoomba kuja kuona mtindi wao ukipimwa, nilijitolea kuwapokea.

Walifika siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu ya Idd: Mama Mwenyekiti, aliyekuwa amekipakata kidumu cha mtindi kama mtoto mchanga, na mhasibu wake mwenye daftari la kaunta. Baada ya shikamoo na habari za safari, niliwaeleza kwamba sampuli hutiwa rangi mbili: ya kijani huingia katika kila seli, iwe hai au mfu, ilhali nyekundu haiwezi kupenya utando wa seli ulio mzima, kwa hiyo humwingia yule tu ambaye utando wake umeharibika. Mwenye kijani peke yake tunamhesabu kuwa hai, na mwenye nyekundu ndiye marehemu.

"Mungu awalaze pema," akaitikia Mama Mwenyekiti, na mhasibu akaandika.

Utaratibu unataka tuanze na maji matupu ya chumvi, yaleyale tunayotumia kuzimulia mtindi, ili tuwe na hakika kwamba mashine haihesabu takataka. Niliwaambia kwamba hapo hawataona kitu, nikabonyeza kitufe. Nukta zikaanza kutua upande wa walio hai, moja moja, kisha kwa mkupuo, zikarundikana mpaka skrini ikawa na doa zito la kijani, na upande wa marehemu hapakuwa na msiba wowote wa maana. Programu nayo, kwa kuwa ilipangwa kuzidisha kila hesabu mara 10,000 ili kufidia uzimuaji, iliyazidisha na maji hayo bila haya, ikaandika mabilioni ya bakteria hai katika kila mililita.

Mama Mwenyekiti akarekebisha miwani. "Hawa ndio wa kwetu?"

"Hapana, Mama. Mtindi wenu bado umo kidumuni."

"Sasa hawa ni wa nani?"

Niliosha mirija ya mashine, nikarudia, wakaja walewale na jamaa zao. Nikaona afadhali nipitishe mtindi, labda utaniokoa. Kumbe programu hutoa kwanza hesabu ya maji matupu kutoka katika hesabu ya mtindi, na kwa kuwa wenyeji wa maji walikuwa wengi mno, jibu lililotokea lilikuwa na alama ya kutoa mbele yake.

Mhasibu, ambaye namba hasi anazijua kuliko mimi, akainua kalamu. "Kwa hiyo kikundi kinadaiwa bakteria?"

"Tena kinadaiwa na maji," akasema Mama Mwenyekiti. "Maji yasiyo na ng'ombe, wala majani, wala kuni za kuchemshia! Mwanangu, niuzie hayo maji nikapumzike."

Mwenzetu wa sahani za agari, ambaye hajawahi kuipenda mashine yangu, siku hiyo alikuwa na shughuli nyingi sana za kupita mlangoni.

Ukweli ulipatikana kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kabla ya sikukuu alikuwa amejaza chupa ya maji yetu ya chumvi, kwa bidii njema kabisa, kutoka katika tangi la maji yaliyokenekwa, akaiacha dirishani bila kuitakasa kwa mvuke. Bakteria wa majini hawahitaji karamu ili wazaliane, na saitometa, isipopewa kingamwili maalumu za kuwatambulisha, haimuulizi mtu jina wala kabila. Ilichokisema kilikuwa kweli tupu, ila kuhusu viumbe ambao hakuna aliyewaalika.

Nilitayarisha maji mapya, nikayapitisha kwenye chujio la mikromita 0.22, na skrini ikabaki na nukta chache za kuhesabika kwa vidole. Mtindi ulipopita tena, ulivuka kwa mbali kiwango cha chini cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, cha bakteria milioni 10 kwa gramu, Mama Mwenyekiti akapiga kigelegele kilichomtoa hata mkuu wa maabara ofisini kwake.

Nilimsihi mhasibu afute lile jibu la kwanza. Akakataa, akisema kwamba hesabu za kikundi hazifutwi, husahihishwa kwa kuandika mstari mwingine, na mstari huo lazima uwe na sahihi ya mdai. Nikachukua kalamu, nikatia sahihi kwa niaba ya maji kwamba deni lote la bakteria limelipwa.