Kichwa cha mvuke kiwashwe, au kiachwe kimepoa?

Kuna ubishi ambao kila makumbusho ya treni za mvuke yanapitia, na watu wanabishana kwa hasira utadhani wanagombania mirathi. Upande mmoja unasema kichwa cha treni kilitengenezwa kitembee, ukikisimamisha bandani na kukizungushia kamba ushakiua, umebaki na maiti iliyopakwa rangi. Upande wa pili unasema kila siku unayokiwasha unakitafuna, bati linakonda, shaba inaisha, kitu ambacho hakina mwenzake duniani unakifanya bembea ya wikiendi. Alafu kuna yule wa tatu anayekaa na daftari la hesabu, yeye anauliza tu hela ya kuezeka banda inatoka wapi. Mi nimelifikiria hili swali mda mrefu na naona wote watatu wana hoja, ila wanaongea kama vile vichwa vyote ni kitu kimoja, na hapo ndo tunapotea.

Tuanze na boila maana ndo ugomvi wenyewe ulipo. Boila ya kichwa cha mvuke sio sufuria kubwa. Nyuma kuna chumba cha moto, kwenye vichwa vingi vya Uingereza ni cha shaba, kimezungukwa na maji pande zote na kuta zake zimeshikwa na mamia ya nondo fupi ili presha isizisukume ndani, na kutoka hapo moshi wa moto unapita kwenye mirija mirefu katikati ya maji mpaka mbele. Ukiwasha chuma kinatanuka, ukizima kinanywea, na shaba inatanuka kuliko chuma kwahiyo kila asubuhi vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinavutana. Ndo maana fundi anayeijua kazi hakurupuki, anawasha moto mdogo jana yake na kuuacha upashe boila taratibu usiku kucha. Hata hivyo mirija inaliwa, nondo zinakatika moja moja, kuta zinakonda. Uingereza kwa kawaida boila ikifikisha kama miaka 10 inafunguliwa yote, mirija inatolewa, unene wa bati unapimwa, inajazwa maji na kupandishwa presha kuangalia kama inashika, na Marekani sheria inahesabu siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia. Na kila ukifungua kuna kipande kinatoka na kipya kinaingia. Wanaosema kuwasha ni kutafuna hawajakosea hata kidogo.

Lakini sasa angalia makumbusho ya reli ya York huko Uingereza, National Railway Museum, nyumba moja yenye maamuzi mawili. Kichwa chao maarufu Flying Scotsman kilitoka karakana ya Doncaster 1923, makumbusho wakakinunua 2004 kwa kama pauni milioni 2.3, ukarabati ukaanza 2006 na kuja kuisha 2016 baada ya kumeza pauni milioni 4.2. Siku inarudi York toka London watu walijaa mpaka wengine wakaingia kwenye reli yenyewe, treni ikabidi isimame. Mallard nayo, ile iliyokimbia maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938 na rekodi yake ya mvuke mpaka leo iko palepale, iliwahi kuwashwa miaka ya 1986 hadi 1988 kisha ikarudishwa ndani na sasa imetulia, imepoa. Mtu anaweza akasema hawa hawajielewi. Mi naona wanajielewa. Flying Scotsman tangu enzi za kazi ilikuwa inabadilishiwa boila kila ikiingia karakana kubwa, ndo ulikuwa utaratibu wao, boila ya kichwa hiki inatolewa inafungwa kwenye kingine ili kisikae kinasubiri. Kwahiyo ukisema unalinda chuma cha 1923 kwenye kichwa kama hicho, unalinda kitu ambacho reli wenyewe walishakitupa zamani. Kinachofanya watu walie wakiiona ni mwendo wake na sauti na jina, na hivyo vitatu havimaliziki kwa kuwashwa.

Rocket ya 1829, kichwa cha siku za mwanzo kabisa za reli, ni habari nyingine kabisa. Ile ilibadilishwa badilishwa miaka yake ya mwanzo, alafu ikastaafu na kuachwa, hakuna aliyeikarabati itembee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliifungua na kuikagua kipande kwa kipande, wakasoma kwenye chuma chenyewe jinsi ilivyorekebishwa, silinda zilishushwa kutoka zilipokuwa, alama zote zipo. Hebu fikiria kama karne iliyopita kuna mtu mwenye nia njema angeichukua akaziba matundu, akang'oa bati lililooza, akafunga jipya ili iwabebe wageni jumapili. Ule ushahidi wote ungeenda kwenye chuma chakavu na kusingekuwa na wa kulaumiwa maana wote wangekuwa wamefurahi. Badala yake 1979 ilitengenezwa nakala inayotembea, ikawashwa kwenye sherehe za miaka 150, mgeni anapata moshi wake na ya kweli inapumzika.

Wapo wanaozidharau nakala, wanaziita toi. Mimi siwaelewi. Ujerumani walikuwa na nakala ya Adler, treni ya kwanza ya Nuremberg kwenda Fürth ya 1835, nakala yenyewe ni ya 1935, na Oktoba 2005 banda la makumbusho pale Nuremberg lilishika moto ikaungua. Iliuma, lakini ikajengwa na kufika 2007 ilikuwa inatembea tena. Kwenye moto huohuo viliungua vichwa halisi zaidi ya 20, na vile hakuna wa kuvirudisha vilivyokuwa. Nalisema hili pia kwa wale wanaoamini kwamba kuingiza kitu bandani na kufunga mlango ni kukihifadhi. Sio. Kichwa kikisimama na majivu kwenye chumba cha moto, unyevu ukiingia yale majivu yanageuka kuwa tindikali inayokula bati kimya kimya, maji yaliyobaki chini ya boila yanaanzisha kutu, na nje kinang'aa kila mtu anapiga picha. Kupoa kuna gharama zake, tofauti ni kwamba hazionekani mpaka siku umechelewa.

Nikija kwenye suala la ujuzi hapo ndo moyo wangu ulipo, nakiri. Niliwahi kumuangalia fundi mzee akipima geji ya maji. Ni mrija wa kioo tu pale mbele ya dereva, maji yanapanda na kushuka, mtu yeyote angetazama akasema maji yapo, twende. Yule mzee akafunga koki moja akafungua ya chini, maji yakapuliziwa nje yote na mvuke, kioo kikabaki kitupu, akafunga, na macho yake hayakuwa kwenye kiwango, alikuwa anaangalia kasi ya maji kurudi. Yakiruka haraka njia iko wazi. Yakipanda kivivu kuna uchafu, na hapo unachokiona kwenye kioo ni uongo. Alirudia hivyo kila koki, hajasema neno, kisha akamsogeza kijana pembeni yake akamwambia sasa wewe. Hicho huwezi kukiweka kwenye kabati la kioo na kibao cha maelezo.

Na ujuzi huo ukipotea unaua. Tarehe 16 Juni 1995 huko Gettysburg, Pennsylvania, kichwa namba 1278 kikiwa na abiria nyuma maji yalishuka chini ya paa la chumba cha moto, paa likaachia, watu watatu waliokuwa kabini wakaungua vibaya. Uchunguzi ulionyesha matunzo na mafunzo vilikuwa vimelegea, na wachunguzi wakasema wazi kwamba ujuzi wa mvuke unatoweka. Ile hesabu ya siku 1,472 ilikuja baada ya hapo. Wanaopinga kuwasha wanaitaja ajali hii, na ni haki yao, ila mi naisoma kinyume. Kichwa kinachowashwa mara 2 kwa mwaka na watu waliosahau ni hatari kuliko kinachowashwa kila wiki na watu wanaofundishana. Kama makumbusho hayana uwezo wa kuwa na mafundi wa kudumu na vijana nyuma yao basi yasiwashe kabisa, ule uwashaji wa sherehe sherehe ndo mbaya kuliko vyote.

Sasa wageni. Mashabiki wakubwa wanachukia zile siku za watoto, ambapo kichwa kinavalishwa uso mkubwa wa tabasamu na familia zinajaa mabehewa, lakini reli nyingi za kihistoria zinaishi kwa hizo siku, na zile za krismasi. Sioni ubaya, mradi mambo mawili. Uso usivalishwe kichwa ambacho kina historia yake mwenyewe ya kusimulia, na hela ya siku hiyo ifike mpaka kwa vile vilivyopoa kule nyuma, maana nimeona sehemu kinachotembea kinapata rangi mpya kila msimu na vingine vinanyeshewa.

Kilichopoa pia kinaweza kuvuta watu, tunakosa ubunifu tu. Palepale York kuna Ellerman Lines, kichwa cha 1949 kilichotolewa kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa Barry, wakakipasua ubavu kwa urefu ili uone ndani, mirija, chumba cha moto, pistoni, na magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme. Mtoto anasimama pale dakika moja anaelewa kitu ambacho akipanda treni saa nzima hatakiona kamwe. Ni kweli kile kichwa kimeharibiwa, hakitawashwa tena. Lakini vya aina yake vilibaki 11, kimoja kikatolewa kiwe mwalimu. Kwa Rocket ingekuwa dhambi, kwa hiki ilikuwa akili.

Kwahiyo swali la kwanza mi ningeuliza kwenye kila kichwa ni kuna chuma gani cha asili kimebaki ndani yake, na wenzake wako wangapi. Makaa ya mawe ya kuwashia nayo yanakuja kubana, mgodi wa Ffos-y-fran huko Wales uliokuwa unauzia reli nyingi za Uingereza ulifungwa 2023, na kile kichwa kikubwa cha Marekani, Big Boy 4014, kiliporudi relini 2019 kilikuwa kimebadilishwa kutoka makaa kwenda mafuta, kuna waliolalamika lakini kinatembea. Badiliko la hivyo nalikubali kama linaweza kurudishwa na limeandikwa. Shida yangu ni yale yasiyoandikwa. Bati la zamani likikatwa boilani lipigwe picha, lipimwe, liandikwe tarehe na kichwa lilikotoka, liwekwe shelfuni, hata kama ni kipande cha sentimita 30 chenye matundu ya ribiti na kutu. Karakana ngapi zinafanya hivyo, na ngapi ijumaa jioni zinaita gari la chuma chakavu?