Ukuta wa bure: tablo za wachoraji katika saluni na terasi za Lubumbashi

Wazo hili linapendeza kila linaposemwa. Mwenye saluni, famasi au terasi (baa ya nje) ana ukuta mtupu. Mchoraji wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, ana tablo, yaani picha alizochora, zimeegemezwa nyuma ya kitanda, zinakula vumbi. Basi zitundikwe. Ukuta utapata rangi, mchoraji atapata macho ya watu, mteja atanunua akivutiwa, na hakuna atakayetoa hata faranga moja. Mimi nakubaliana na yote isipokuwa hilo la mwisho.

Wanaolitetea wazo hili wana historia upande wao, tena nzito. Lubumbashi haikujifunza kupenda picha kwenye makumbusho. Ni kweli kwamba mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa warsha ya Hangar, walikotoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Ndege na samaki wao walipendwa mno, hasa na Wazungu. Lakini picha zilizoingia kwenye nyumba za Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa mjini, miaka ya 1970 zilikuwa za namna nyingine, na nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga: Mamba Muntu, yaani nguva, na nyoka wake, Lumumba, mfungwa aliyelazwa chini akichapwa fimbo chini ya bendera ya Wabelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi kwa tablo 101 na kumweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian moja baada ya nyingine, alikuwa mmoja wa wachoraji hao. Wateja wao wakubwa walikuwa watu wa mshahara, makarani na wafanyakazi wa migodi na reli, waliotundika picha sebuleni ili mgeni akiingia kuwe na la kuzungumza. Mshahara ulipokosa thamani na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ikayumba, sebule hizo ziliacha kununua.

Kwa maana hiyo ukuta wa biashara ni mrithi halali wa sebule. Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yaliyotokana na kazi ya kikundi cha wasanii kiitwacho Picha tangu 2008, imewapeleka wasanii wa hapa mbali sana, lakini haiji kila mwezi, na mama anayeuza sombe (majani ya muhogo) sokoni hana sababu ya kuifuata. Saluni anaingia. Famasi anaingia, akipenda asipende.

Ila sebuleni tablo ilikuwa imenunuliwa tayari. Mchoraji aliondoka na pesa yake mfukoni, na ikiwa mtoto ataipasua picha kwa mpira, hasara ilikuwa ya mwenye nyumba. Kwenye terasi mambo yamegeuka: mchoraji ndiye aliyenunua rangi na fremu, ndiye anayengoja, na ndiye anayebeba hasara. Moshi wa makaa na mafuta ya chipsi hauhitaji mwaka kuifanya bluu iwe kahawia. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, na mvua za Novemba zinajua palipo na bati lenye tundu. Patro, yaani mwenye biashara, akiulizwa nani atalipa, anacheka: si wewe uliyeomba kutundika? Kisha kuna mteja anayepiga picha kwa simu na kwenda kuichapisha mahali pengine. Nchi ina sheria ya haki za mwandishi na msanii tangu 1986, lakini mchoraji asiye na karatasi yoyote mkononi ataanzia wapi kudai?

Hata hivyo si haki kumwona patro kama mnyonyaji tu. Ukuta wake una bei, na wa kwanza kuijua bei hiyo ni kampuni za bia na za simu, zinazompakia rangi duka zima bure, mara nyingine na viti juu yake, mradi jina lao lionekane kutoka barabarani. Anayempa mchoraji ukuta huo ameacha kitu. Pia mfanyakazi wake ndiye atakayeulizwa bei mara ishirini kwa siku na watu wasio na nia ya kununua. Kwa hiyo akidai asilimia kidogo tablo ikiuzwa, mimi sioni kosa. Kosa ni kuitwaa asilimia hiyo bila yeye kuweka chochote hatarini.

Linalonisumbua zaidi ni picha yenyewe. Patro anataka kitu ambacho hakitamharibia mteja hamu ya samaki: maua, ziwa, mama mwenye kikapu. Mchoraji akileta wachimbaji waliofukiwa shimoni, au kujitenga kwa jimbo la Katanga mwaka 1960, ataambiwa kwa upole ailete siku nyingine. Patro anaogopa mzozo kati ya meza na meza, anamwogopa pia ofisa anayekuja kukagua karatasi za duka. Ajabu ni kwamba baba zetu walikula bukari (ugali) chini ya picha ya mtu anayechapwa fimbo, na chakula kilishuka. Sebule ilikuwa na mwenyewe aliyeamua. Ukuta wa biashara unaamuliwa na mteja mwoga kuliko wote. Mchoraji anayetegemea kuta hizi peke yake, baada ya muda atajikuta anachora ndege na samaki kwa ajili ya watu wasiomlipa.

Ndiyo maana ningeweka sharti moja: patro anunue tablo moja kwanza, hata ndogo, ndipo nyingine zitundikwe pembeni yake. Aliyetoa pesa yake atawasha taa juu ya ukuta huo na kuhamisha jiko la chipsi. Karatasi ya mistari mitano yenye bei, muda na sahihi mbili itatosha kwa yaliyobaki.

Na kama ni kuchagua mahali, ningeiacha terasi na kuanzia saluni ya wanawake. (Ya kinyozi ina tatizo lake: mteja anatazama kioo, tablo iko mgongoni, na jina la mchoraji linasomeka kinyumenyume.) Anayesukwa hukaa saa tatu au nne mbele ya ukuta uleule, anaijua picha kuliko mtu yeyote wa makumbusho, na anaijadili kwa sauti. Mara nyingi wanawake hao wako pamoja kwenye likelemba, mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu. Zamu ikimfikia mmoja wao, ndiye mnunuzi ambaye mchoraji hakumfikiria alipokuwa anangoja mgeni mwenye dola, na bei ya tablo inapaswa kupangwa kwa kumkumbuka yeye.