Faiba au dishi kwa anayehamia fleti Tanga

Ukihamia fleti Chumbageni au Raskazone, mjadala huanza kabla mapazia hayajatundikwa: tuvute faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, tuachane na dishi? Vijana watakuambia vuta. Tamthilia, habari na mechi zote zipo mtandaoni, king'amuzi cha nini tena?

Wana hoja nzito. Video ya HD hula takribani GB 3 kwa saa, kwa hiyo bando la GB 20 halimalizi wiki kwenye nyumba yenye watoto. Faiba kwa kawaida unalipia kasi kwa mwezi, huhesabu GB. Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) zinatosha mmoja aangalie TV, mwingine asome, wa tatu awe kwenye kikao. Ila isome namba hiyo vizuri: ni biti, si baiti, na baiti moja ni biti nane. Faili la MB 100 litachukua kama sekunde 80 kushuka, wala si 10 kama wengi wanavyodhani.

Upande wa pili nao haupuuziki. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye dishi aliendelea kutazama, maana picha yake hushuka kutoka setilaiti. Kisha kuna Coastal Union, timu yetu ya Tanga. Haki za kurusha Ligi Kuu ziko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, na ukitaka kuitazama kwa programu yao ya simu, bado unategemea intaneti ileile.

Dishi lina maudhi yake: mvua kubwa ya masika ikishuka picha huganda, na chumvi ya bahari hapa kwetu hutafuna nati na bolti. Kwenye fleti, mwenye nyumba hapendi kuta zitobolewe ovyo. Hapo majirani wasikilizane: dishi moja lenye LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi) ya njia nne huhudumia nyumba nne, kila mmoja na king'amuzi chake.

Mimi naweka faiba kwanza, na king'amuzi cha bei ya chini nakilipia miezi ya ligi tu. Sioni faida ya kifurushi kikubwa cha chaneli ambazo hakuna anayezifungua.

Hayo ni pale faiba imeshafika kwenye jengo lako. Kama haijafika, usilipe mbele. Niliwahi kulipia miezi mitatu ya ruta ya laini ya simu. Ikashika baraza tu, kwani kuta za zege zilimeza mawimbi yote, na pesa haikurudi. Omba kuijaribu kwanza chumba cha ndani kabisa, saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Na umuulize jirani wa ghorofa yako, si yule wakala aliyekuja na fomu.