Na sisi wenyeji tupige hodi?

Nimeipenda habari niliyoisoma ya mke na mume wachoraji wa Mji Mkongwe wanaowafungulia wageni chumba chao cha kazi, nyumbani kwao. Vichochoroni tumezoea picha za Tingatinga juu ya Tingatinga, simba na twiga ambao Unguja hata hawapo! (Mtindo wenyewe Edward Saidi Tingatinga aliuanzishia Dar es Salaam miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli.) Dukani unauliza bei tu. Nyumbani unaona rangi ikichanganywa, picha iliyoharibika imeegemezwa ukutani, unauliza kwa nini, na kahawa unapewa. Ila jamani, muda wa kuwatembelea uliotajwa ni wa watalii, asubuhi, na sisi wenyeji saa hizo tupo makazini. Wekeni japo Jumapili baada ya alasiri, nije na wanangu. Viatu tutavua mlangoni.