Ghazali hakuizika mantiki ya Wagiriki

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, amebebeshwa lawama nzito: kwamba alipoandika Tahafut al-Falasifa (Kuporomoka kwa Wanafalsafa) mwaka 1095, aliwazima Plato na Aristotle katika Uislamu, na Waislamu wakaacha kufikiri. Wengi wanaosema hivyo hawakupita jina la kitabu.

Ndani mna masuala 20. Katika hayo, ni matatu tu aliyoyatolea hukumu ya ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu anayajua mambo kwa ujumla wake tu na si moja moja, na kwamba miili haitafufuliwa. Yale 17 aliyaweka daraja moja na uzushi wa makundi mengine ya Kiislamu. Hesabu hakuipiga vita, wala mantiki. Utangulizi wake unataja kupatwa kwa mwezi: dunia huingia kati ya jua na mwezi, mwanga ukakatika. Anayedhani kulikanusha hilo ni kuitetea dini, asema, anaidhuru dini. Maana aliyelipima kwa hesabu hataishuku hesabu yake, ataishuku dini.

Kisha kuna al-Mustasfa, kitabu cha usuli wa fikihi (misingi ya sheria ya Kiislamu) alichokimaliza 1109, miaka miwili kabla ya kufa. Anakifungua kwa mantiki, na kutamka kwamba asiyeimudu mantiki, elimu yake haiaminiki. Mfano wake ni huu: kila nabidhi (kinywaji cha tende au zabibu zilizolowekwa) inalevya, kila kinacholevya ni haramu, basi kila nabidhi ni haramu. Neno la kati, "kulevya", limetokea mara mbili na halimo katika tokeo. Linganisha na kiasi cha mafakihi, yaani kulipa jambo jipya hukumu ya jambo linalofanana nalo, chenye nguzo nne: asili (hamri, yaani mvinyo wa zabibu), tawi (nabidhi), illa, yaani sababu ya hukumu (kulevya), na hukumu (uharamu). Kiasi huharibika kwenye illa. Mtu akisema nabidhi ni haramu kwa kuwa imefanana na hamri rangi, kauli yenyewe yaweza kupita bila kushtukiwa. Mlazimishe aipange kimantiki, itabidi atamke kwamba kila chenye rangi hiyo ni haramu, na hata juisi ya komamanga itamsuta. Faida ya chombo cha Aristotle kwa fakihi ndiyo hiyo: kinamtoa mafichoni.

Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kihanbali (alifariki 1328), hakukubali. Kauli ya jumla, alisema, tunaijua kwa kupitia mambo moja moja, hivyo mpangilio wa Wagiriki hauongezi kitu ambacho kiasi hakina. Pingamizi hili lina uzito, ingawa linahusu chanzo cha elimu zaidi kuliko namna ya kuikagua.

Ibn Rushd, fakihi na mwanafalsafa wa Andalusia aliyeijibu Tahafut, alishika penye maumivu zaidi. Katika suala la 17, Ghazali anasema pamba huungua inapogusana na moto, lakini macho hayaoni kwamba ni moto unaoiunguza. Mungu ndiye anayeumba kuungua, kwa ada yake, yaani desturi aliyojiwekea. Ibn Rushd akajibu: anayeondoa sababu ameondoa akili. Lakini Ghazali aliliona shimo hilo mwenyewe. Anauliza, je, mtu aliyeacha kitabu nyumbani ahofu kukikuta kimegeuka farasi? La, kwa kuwa Mungu ametuumbia pia ujuzi kwamba ada hiyo haivunjwi hivihivi. Tabibu na mnajimu bado wana pa kufanyia kazi.

Kwenye ile hukumu ya ukafiri, hata hivyo, Ibn Rushd ana haki. Katika mambo ya nadharia ijmaa (makubaliano ya wanazuoni wote) haithibitiki, na Ghazali mwenyewe kwingineko alionya dhidi ya kumwita mtu kafiri kwa sababu ya tafsiri yake tu.

Na kule kuzimika kwa fikra? Kituo cha kuangalia nyota cha Maragha, Iran, kilianzishwa 1259. Ibn al-Shatir, aliyefariki 1375, aliunda mifano mipya ya mwendo wa sayari akiwa mpima nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya, Damascus. Madrasa nazo zilisomesha Isaghuji ya al-Abhari, kijitabu cha mantiki ambacho jina lake ni la Kigiriki, lile lile la utangulizi wa mantiki ulioandikwa na mwanafalsafa Porphyry. Mmoja wa walioisherehesha ni Zakariyya al-Ansari (alifariki 1520), fakihi wa Kishafii, madhehebu ya pwani yetu.