Fundi, usifute patisheni usiyoijua

Dada yangu alipeleka laptopu kwa fundi mmoja pale Luthuli Avenue, Nairobi, akarudishiwa jioni hiyo hiyo ikiwaka kama mpya. Windows 11, diski tupu. Yeye ni mwalimu Kayole. Kwenye D, sehemu ya pili ya diski yake, alikuwa na maksi za miaka mitatu na picha za mazishi ya baba yetu, zote zimekwenda. Alipouliza, fundi akamjibu: "Mwalimu, si uliniambia nisafishe?"

Neno hilo ndilo linaloniumiza. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi ninaowajua wanapeleka mashine zao "zisafishwe", na mafundi wengi wanaelewa kwamba kusafisha ni kufuta kila patisheni, yaani kila sehemu ya diski, inayoonekana. Sikubali. Kama laptopu ni ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, uliyonunua jana na haina kitu chako, sawa, futa zote. Lakini mashine ya mtu aliyeitumia miaka mitatu si kiwanja kitupu.

Tazama ukurasa ule wa kuchagua mahali pa kuweka Windows. Herufi C na D hazipo. Kuna orodha tu: Drive 0 Partition 1, 2, 3, na ukubwa wa kila moja. Kwa dada yangu kulikuwa na ya MB 100 ya kuwashia mashine, ya MB 16 ambayo Windows hujitengea, ya uokoaji, kisha mbili karibu sawa kabisa, GB 118 na GB 119. (Diski ya GB 256 husomeka 238 humo, kwa hiyo usidhani umeibiwa.) Moja ilikuwa Windows, nyingine maisha yake. Aliyetaka kujua angeuliza. Kisha angefomati ile ya Windows peke yake, akaiweka Windows humo, na D ingebaki ilivyokuwa.

Nasi wa nyumbani tuna lawama. Ni sisi tuliomwambia miaka yote, "Weka vitu vyako D, hapo ni salama." D inasaidia Windows ikiharibika, basi. C na D ni mifuko miwili ya suruali moja. Suruali ikiibwa, yote imekwenda.

Nilikesha na TestDisk, programu ya kurudisha patisheni zilizofutwa, nikizitafuta maksi na picha zile. Kwenye diski za zamani za kuzunguka, kufuta patisheni huondoa maelezo yake kwenye jedwali la patisheni tu, na data mara nyingi bado ipo ukiwahi kabla haijaandikiwa juu. Hii ilikuwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ukiifomati, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe kimyakimya. Hadi alfajiri sikupata hata picha moja.

Sasa ana diski ya nje ya TB 1, inakaa kwangu Umoja, na kila mwisho wa muhula anakuja na laptopu yake tunanakili. Patisheni yake mpya ya D kwenye laptopu nimeipa jina MAKSI, maana jina hilo huonekana kwenye ile orodha ya usakinishaji hata herufi isipokuwepo. Fundi mwingine akifika hapo, ataliona.

Picha za mazishi tumepata kumi na moja, kutoka simu ya shangazi.